Boriti Imepakwa Rangi

Mahabusu, chumba cha tatu
Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Kabla hujaanza kulia: nimekula, nimelala, sijapigwa. Haya, sasa lia kidogo, ukimaliza usome.

Kwanza nikutambulishe kwa mtu wa tatu wa barua zetu. Barua zinazoingia humu wanazipapasa tu kama zina wembe, lakini zinazotoka zinasomwa na askari mmoja mwenye miwani mizito, tunamwita Miwani. Akimaliza anagonga muhuri na tarehe. Bwana Miwani, habari za kazi? Mwandiko wangu ni wa kuku, utanivumilia.

Najua umesikia redioni kwamba mlinda geti la reli alilala kazini, akaacha geti wazi, treni ikalikumba lori dogo na watu wanne wakafa. Mlinda geti huyo ndiye mimi, na sikulala. Nilipigiwa simu kutoka stesheni kwamba treni imeondoka. Nikateremsha boriti zote mbili, nikapiga kengele, nikasimama na bendera yangu kama siku zote. Wewe unapajua pale. Kila boriti inaziba nusu ya barabara tu, na mwenye haraka zake hupinda huku, akapinda kule, akapita katikati. Lile lori la kijani likapinda. Kioo chake cha pembeni kikagonga ncha ya boriti yangu, ka! Nikakiona kinaning'inia. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Dereva alinitazama, mdogo wangu. Alinitazama usoni akakanyaga mafuta.

Yaliyofuata sikuandikii. Ninayaona nikifumba macho na nikiyafumbua, inatosha.

Nitakuambia kosa langu. Gari la wagonjwa lilikuja linalia, na mkono wangu ukashika mpini, ukainua boriti. Miaka yote kazi yangu ni hiyo: treni ikipita, fungua. Mkono haukuniuliza. Polisi walipofika wakakuta boriti iko juu, wakapiga picha zao. Dereva naye, kavunjika mguu lakini mdomo mzima, akasema ilikuwa juu tangu mwanzo. Basi, nikapandishwa gari.

Mama umemwambia nini? Niletee sabuni na ile fulana yangu ya kijivu.

Kaka yako,
Bendera

(Muhuri: IMESOMWA, 7 Machi)


Nyumbani
Jumatatu, 10 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimelia, nimemaliza, nimesoma. Sabuni na fulana hizo hapo. Na sasa nakuomba unyamaze.

Usiniandikie tena habari za kesi, hata neno moja. Hujui kesi yako imefunguliwa kituo gani cha polisi? Kwetu. Na pale kituoni mtunza vielelezo ni nani? Kila kitu kitakachonyanyuliwa mbele ya hakimu ili ufungwe, zile picha, kengele yako, bendera yako, vyote viko kwenye rafu zangu, nyuma ya mlango wangu, na ufunguo unaning'inia shingoni mwangu mimi. Jana nimeibandika bendera yako namba. Gundi ilinimwagikia mikononi.

Hakuna anayejua kuwa wewe ni kaka yangu. Tumbo moja, baba mbalimbali, majina ya ukoo tofauti, nani atajua? Kanuni inataka niseme. Sijasema. Nikisema wananitoa stoo siku hiyo hiyo, na vitu vyako vitabaki mikononi mwa nani? Mwenzangu wa zamu nyingine alipoteza pikipiki nzima. Pikipiki, kaka, si sindano! Mpaka leo anaitafuta chini ya meza.

Kwa hiyo kwenye bahasha usiandike "kwa dada yangu". Andika namba ya nyumba, itafika.

Mama nimemwambia uko kozi ya reli. Alisema "Haa," akaendelea kuchambua mchele.

Mdogo wako


Mahabusu
Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Nimekuelewa. Kuna watu huficha dhahabu, wewe unaficha kaka. Sawa tu. Usijali, humu kila mtu ana wa kumficha nje.

Chumba chetu ni cha watu kumi, tumo ishirini na kitu. Tunalala ubavu, na mmoja akitaka kugeuka anatangaza, "Jamani, geuka!" na sote tunageuka. Mimi niliyezoea kukaa peke yangu kwenye kibanda cha geti, na reli imenyooka huku na huku mpaka macho yachoke! Humu ukinyoosha mkono unagusa sikio la mtu. Mpelelezi alinitoa juzi, akanionyesha picha, akaniuliza boriti iko wapi. Nikasema iko juu. Akasema, "Umekiri." Nikajaribu kueleza, akafunga faili.

Umeniambia nisiandike habari fulani, siandiki. Nina ombi la kawaida tu. Nenda kanisalimie yule rafiki yangu mrefu, mwembamba, mwenye mistari myekundu na myeupe, anayesimama barabarani kutwa. Mtazame vizuri ncha ya kidole. Kama ana jeraha la rangi ya kijani, nifurahi. Maana kidole hicho kikiwa juu kiko usawa wa paa la nyumba, na hakuna gari duniani lenye kioo cha pembeni kirefu kiasi hicho. Bwana Miwani, hii ni habari ya rafiki, gonga tu.

Kaka yako,
Bendera

(Muhuri: IMESOMWA, 17 Machi)


Nyumbani
Ijumaa, 21 Machi

Kaka, shikamoo.

Nilikwenda. Kaa chini ndipo usome.

Boriti imepakwa rangi. Zote mbili, kutoka shina mpaka ncha, nyekundu na nyeupe inang'aa, mpaka mkono wa gauni langu umeingia rangi. Kibanda chako nacho kimepakwa, mawe ya pembeni yamepakwa chokaa. Nikamuuliza mlinzi mpya, kulikoni? Akacheka. Mkubwa wa shirika anakuja kukagua mahali pa ajali, na karakana imeagizwa pawe safi asije akakasirika. Mpakaji mwenyewe alikuwepo anaosha brashi. Nikamuuliza kwa upole kama aliona mkwaruzo wa kijani kwenye ncha. Akasema, "Dada, nilisugua kila kitu kwa msasa kwanza. Mimi silipui kazi." Ningemfanya nini? Hakuna aliyemkataza. Polisi walipiga picha wakaondoka, hawakuzungushia hata kamba, kwa sababu mkuu wa walinzi wa reli aliwaambia ile ni ardhi ya reli na treni lazima zipite.

Nilirudi stoo nimechoka roho. Na hapo, kaka, nikafanya kitu.

Jioni ile ya ajali walinzi wa reli waliniletea gunia. Walikuwa wamekusanya vipande kwenye reli ili njia ipitike. Hawakuwa na hati ya kukamata vitu, na wasingekuwa nayo, maana kukamata ushahidi si kazi yao, ni ya polisi. Mkuu wao akasema, "Pokea tu, karatasi kesho." Nami nilikuwa nafunga, nikasema haya, karatasi kesho. Tunafanya hivyo wakati wote. Kesho haikuja. Gunia likakaa kwenye kona bila namba, kama mgeni asiyekaribishwa.

Nilipotoka kwenye boriti yako nilikumbuka neno lako, ka! Nikalifungua lile gunia. Peke yangu. Mimi, ninayewafukuza wapelelezi mlangoni wakija mmoja mmoja, ninayesema kila siku gunia hufunguliwa mbele ya macho manne! Kioo kimo. Mkono wake wa chuma ni wa kijani na umekwaruzwa kwa rangi nyekundu, mstari mrefu kama kidole changu. Nilikaa sakafuni nikakikumbatia, Mungu anisamehe, halafu nikakumbuka nimekishika kwa mikono mitupu.

Sasa sikiliza tulivyobanwa. Jana mkuu wa walinzi wa reli alikuja na barua: gunia ni mali iliyookotwa kwenye ardhi ya reli, lirudishwe. Nikamwambia alete amri ya mahakama. Akaniuliza, kwani lina namba ya kielelezo? Halina. Akatabasamu. Yeye hawezi kusema kwamba alikiokota, maana ataulizwa nani alimpa mamlaka ya kuvuruga mahali pa ajali. Mimi siwezi kusema nimekiona, maana nilifungua peke yangu na mtuhumiwa ni kaka yangu. Nikitoka stoo, gunia linaondoka. Nikibaki stoo, ushahidi wangu hauna thamani. Nimezunguka chumba hiki mpaka mama ameniambia nikae, namtia kizunguzungu.

Mdogo wako


Jumatatu, 24 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii haina muhuri. Inakuja ndani ya soli ya kiatu cha fundi wa viatu tuliyekuwa naye humu, kaachiwa leo. Mpe chai.

Nimesoma barua yako mpaka wenzangu wakadhani nina habari ya kifo. Kipo! Kioo kipo! Unaniambia kipo, halafu unaniambia hakina karatasi. Karatasi, dada? Watu wanataka kunizika hai, na uhai wangu umo kwenye gunia lililo mkononi mwako, na kinachokosekana ni kikaratasi?

Basi kiandike. Wewe ndiye unayeviandika. Weka tarehe ya jioni ile ile, weka namba, na saini ya yule mkuu wa walinzi unaijua, umeiona mara ngapi kwenye karatasi zake nyingine. Iweke. Yeye mwenyewe hawezi kuikana bila kujiumbua. Ni uongo wa mistari miwili juu ya jambo la kweli. Si damu ya mtu.

Sijawahi kukuomba kitu. Ulipokuwa unasoma nani alikuwa anakesha kwenye kile kibanda? Sikukumbushi ili nikudai, nakukumbusha kwa sababu siwezi kupumua humu. Ukuta uko hapa, mtu yuko hapa, ukuta uko hapa. Juzi wamesema nikipatikana na hatia naweza kukaa hivi miaka mingi. Damu nzito kuliko maji. Usiniache.

Kaka yako


Nyumbani
Alhamisi, 27 Machi

Kaka,

Shikamoo nakupa kwa sababu mama alinilea vizuri.

Fundi nimempa chai. Ulichoniomba sitakifanya. Usikirudie, si kwa barua wala kwa soli ya kiatu.

Unajua watu wangapi wamepita kwenye stoo yangu wakinililia kama wewe? Kila mmoja alikuwa na jambo la kweli, lilikosa kikaratasi tu. Mmoja alikuwa askari, ana hakika kabisa kwamba kijana fulani ni mwizi, alichotaka ni nibadilishe tarehe. Nilikataa. Kijana yule hakuwa mwizi. Nikikuandikia wewe leo, yule nilimkatalia kwa nini?

Na usinikumbushe kile kibanda. Najua kilinisomesha. Ndiyo maana inauma, na bado sitaki. Kioo kinasema kweli chenyewe. Nikikiwekea karatasi ya uongo, nacho kitakuwa mwongo, na siku watakapogundua utakuwa umefungwa mara mbili na mimi niko chumba cha wanawake ng'ambo ya ukuta wako. Atabaki nani na mama?

Nimekasirika, siwezi kuendelea.

Mdogo wako


Mahabusu
Jumatano, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa na hasira zako, una haki nazo. Siku kadhaa sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilijiona mjinga.

Ile barua niliyokupelekea kwa mkono wa fundi, ihesabu kama hukuipata. Niliandika nikiwa sijalala. Ulinikatalia, nami nikakutukana kimoyomoyo siku mbili, ya tatu nikaona aibu. Mtu aliyekuwa anasimama barabarani kuwazuia watu wasipite njia ya mkato, leo anamsukuma dada yake aipite. Nisamehe.

Tunaendelea kugeuka pamoja. Jana mzee mmoja alitangaza "geuka!" usingizini, tukageuka wote bure.

Kaka yako,
Bendera

(Muhuri: IMESOMWA, 3 Aprili. Mtuhumiwa ataje barua ipi ilitoka bila muhuri.)


Nyumbani
Jumatano, 9 Aprili

Kaka, shikamoo.

Roho yako safi imetuponza. Miwani amesoma, na amefanya kazi yake. Mpelelezi alinijia hapa nyumbani Ijumaa iliyopita, akasimama mlangoni, akaniuliza: huyu anayekuandikia "mdogo wangu" ni nani kwako, na fundi ni nani, na alileta nini? Mama alikuwa nyuma yangu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ni kaka yake. Nimewazaa wote wawili mimi. Karibu ukae."

Kumbe mama anajua tangu siku ya kwanza. Nilipomuuliza aliniambia, "Kozi gani ya reli mtu anapelekewa sabuni na fulana ya kulalia?" Tulimfanya mtoto, naye alituacha tujifurahishe.

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa kituo mwenyewe, sikungoja kuitwa. Nikamwambia yote: wewe ni kaka yangu, gunia lilikuja bila hati, nikalipokea, nikalifungua peke yangu. Alinisema mpaka wino wa kalamu yake ukakauka. Nikauvua ufunguo shingoni nikauweka mezani. Shingo imekuwa nyepesi, sijaizoea. Kazini nimesimamishwa, na sidhani nitarudi.

Lakini sikia. Nilichokuwa nakiogopa wakati wote huu hakikutokea. Mkuu yule wa kituo, na hasira zake, alikwenda stoo akatia kufuli lake mwenyewe kwenye gunia mbele ya watu wawili, akamwandikia hakimu: reli wanadai lao, polisi wanadai lao, amua wewe nani mwenye mamlaka. Hakimu amesema gunia lisitoke mpaka alitazame. Ningesema tangu siku ya kwanza, kaka! Nilikaa nikilinda mlango ambao haukuwa unalindwa na mimi peke yangu.

Sasa ndio nafika kwenye shida. Wakili wako amenieleza taratibu, na mimi nakueleza hivyo hivyo. Kioo kinaweza kupokelewa bila ile hati, kama mahakama itaniamini mimi niliyelipokea gunia. Kwa nini iniamini? Dada wa mtuhumiwa, nimeficha undugu, nimefungua peke yangu. Mwendesha mashtaka atasimama aseme: mwanamke huyu alichukua kopo la rangi nyekundu akajichorea ushahidi. Na mimi alipokuja mpelelezi, mkono wa gauni langu una rangi ya boriti! Ni ya ile siku, lakini nani ataamini?

Dawa ni barua zetu. Barua yako ya kwanza ina muhuri wa tarehe 7 Machi, na humo unasema kioo kiligonga boriti, kabla mimi sijalifungua gunia. Hiyo ni nzuri, lakini watasema tulipanga baadaye kutengeneza kioo kifanane na hadithi yako. Kinachowafunga mdomo ni barua ya kiatu. Kaka, ile barua yako ya aibu, pamoja na jibu langu. Uliniomba niandike uongo mdogo kabisa, nikakataa. Aliyekataa kughushi mistari miwili kwa ajili ya kaka yake hawezi kuwa alikaa stoo anapaka rangi chuma. Wakili anasema bila barua hiyo mimi ni dada tu. Nikiwa nayo, mimi ni shahidi.

Lakini ile barua nikiitoa, umejishtaki. Kumshawishi mtunza vielelezo aghushi ni kosa, na hawatakusamehe. Utatoka kwenye kesi ya wale marehemu ukiingia kwenye hii. Nikisema niliichoma, hakuna atakayeiona. Wataninyooshea vidole, na kioo kitabaki chuma chakavu, na wewe utafungwa kwa watu wanne uliowapigia kelele mpaka sauti ikakauka. Wala siwezi kutoa zilizo nzuri nikaficha mbaya. Nitaapishwa, nitaulizwa kama barua ndizo hizi zote, na nitajibu.

Majibu yangu kwako ninayahitaji, unayo wewe. Na ile ya kiatu ninayo mimi, iko chini ya godoro la mama. Sitaitoa bila wewe kuniambia. Mama anasema, "Muulize mwenyewe. Ni maisha yake, si kielelezo chako." Kwa hiyo nakuuliza.

Mdogo wako


Mahabusu
Jumatatu, 14 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Nilisoma barua yako, nikamwomba yule mzee wa "geuka" anisogezee nafasi karibu na mlango, nikakaa. Sikulala. Wenzangu walidhani nasali.

Nitakuambia ukweli, siku ya kwanza nilitaka uichome. Nilishaandika hivyo. Karatasi hiyo nimeichana, vipande nimempa Miwani mkononi asije akavitafuta. Bwana Miwani, shahidi wangu.

Halafu nikafikiri hivi. Wale watu wanne wana ndugu zao. Mpaka leo ndugu hao wanaamini wapendwa wao walikufa kwa sababu mtu fulani alisinzia. Wananilaani kila wakiamka. Nikikubali kufungwa kwa kosa hilo, nimekubali pia kwamba nilisinzia, na sikusinzia, mdogo wangu. Hilo siwezi kulibeba. Hili lingine, la kukuandikia ufanye uongo, hilo ni langu. Nililifanya kwa mkono huu. Kama ni kufungwa, nifungwe kwa langu.

Zitoe zote. Zako nimezikabidhi kwa Miwani leo asubuhi, amezihesabu mbele yangu akanipa stakabadhi. Ile iliyo chini ya godoro itoe pia, wala usikunje ukurasa. Na hii iongeze.

Sikuombi msamaha tena kuhusu kazi yako, maana najua utasema ulijitakia. Lakini ufunguo ule shingoni ulikupendeza.

Msalimie mama. Mwambie fulana imenitosha, nimepungua.

Kaka yako,
Bendera

(Muhuri: IMESOMWA, 14 Aprili. Barua nne za dada zimepokelewa kwa mkono.)


Gereza
Ijumaa, 20 Juni

Dada yangu,

Umeona bahasha? Nimeandika kwa herufi kubwa, KWA DADA YANGU, na jina lako lote. Aliyeipitisha kaniuliza kama mimi ni kiziwi, mbona naandika kwa kelele.

Siku ile mahakamani sikuweza kukwambia kitu, walinivuta upesi. Basi nakwambia sasa. Uliposimama pale, mwendesha mashtaka akakusomea barua yangu ya kiatu neno kwa neno mbele ya watu, nilitamani sakafu ifunguke. Aliposoma "usiniache" niliziba uso. Kisha akakuuliza, "Na wewe ulimwacha?" Ukamjibu, "Nilimkatalia. Kumwacha sikumwacha." Niliinua uso hapo, nikamwona mama amekaa wima kama bibi harusi.

Na kile kioo walipokileta mbele, na hakimu akachukua picha ya zamani ya boriti yangu ikiwa chini, akapima kwa rula ya karani kimo cha ncha na kimo cha kioo kinapokaa kwenye lori, yule dereva alianza kulia. Sikufurahi, dada. Nilidhani nitafurahi. Mke wa mmoja wa marehemu alikuwa benchi la pili, na alinitazama kwa mara ya kwanza bila laana. Hilo nimelichukua, nimelala nalo.

Kwa watu wanne, sina hatia. Kwa barua ya kiatu, miezi kumi na nane. Wakili alitaka tukate rufaa, nimemwambia aache.

Ninao wasiwasi mmoja na kazi mpya unayotafuta. Popote watakapokuajiri wakikuletea gunia jioni wakasema karatasi kesho, nakujua utawafungia mlango kwenye vidole.

Huku ni gereza kubwa, tuna nafasi ya kugeuka bila kutangaza. Lakini lipo jambo sijamwambia mtu. Reli inapita nyuma ya ukuta. Haionekani, inasikika tu. Treni ikija nasimama. Wenzangu wananicheka, siwezi kukaa. Inapita, naisikia mpaka behewa la mwisho, halafu mkono wangu wa kulia unanyanyuka wenyewe unatafuta mpini ili uinue boriti, watu wapite. Kila siku. Nasimama hapo na mkono hewani, na hakuna cha kufungua.

Kaka yako,
Bendera